Mwishehe aliyebeba paswedi za Visiga nzima

“Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Andika hivyo hivyo, usinipambe,” anasema Mwishehe Jumbe, kisha anamgeuzia mteja wake mgongo.

Ni saa mbili asubuhi ndani ya steshenari yake, Visiga, Kibaha. Mteja ni mama aliyekuja kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Ameketi mbele ya kompyuta, anaandika nenosiri kwa kidole kimoja. Mwishehe ameelekea ukutani, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyechelewa namba, anasoma kalenda ya mwaka juzi.

“Tayari, mama?”

“Bado. Usigeuke.”

“Sigeuki. Hii kalenda nimeshaijua mpaka sikukuu zake.”

Watu wawili kwenye benchi wanacheka. Mama anamaliza, Mwishehe anageuka, kazi inaendelea. Hiyo ndiyo sheria ya duka hili tangu mwaka jana: nenosiri unalitunga mwenyewe, unaliandika mwenyewe, na mwenye duka halioni.

Zamani mambo hayakuwa hivyo.

Mwishehe, mwenye miaka 43, alizaliwa Kibuta, wilayani Kisarawe, kwa baba mkulima wa mihogo. Aliishia kidato cha pili. Amesukuma baiskeli ya mkaa, amefagia duka la fotokopi Dar es Salaam, na humo ndimo alimojifunza kompyuta kwa kuchungulia mabega ya watu.

Mashine yake ya kwanza ya fotokopi aliinunua kwa akiba ya miaka mitatu. Umeme uliiunguza siku ya pili.

“Ilitoa kurasa kumi na nne,” anasema. “Kila ukurasa, ukipiga hesabu, umenigharimu kama mbuzi. Nilikaa chini nikacheka. Mke wangu akadhani na mimi nimeungua.”

Alianza upya na kompyuta moja iliyotumika. Leo anazo mbili: hii ya Visiga, na kompyuta mpakato anayoiacha Kibuta kwa shangazi yake, Bi Biubwa, mwenye duka la vyakula. Kila Alhamisi huenda huko na kukaa barazani kwa shangazi, akiwasaidia wakulima kuomba vyeti, vitambulisho na nafasi za vyuo mtandaoni.

Kazi yake kubwa haimo kwenye karatasi. Imo kwenye kivinjari, kile kidirisha cha kuingilia mtandaoni ambacho wengi wetu tunakifungua bila kukitazama mara mbili.

Orodha ya watu walioitwa kwenye usaili ikitoka, ina kurasa sitini na jina lako limejificha mahali. Zamani watu walilipa ichapwe yote, wakaisoma wakiwa wamesimama juani. Mwishehe anabonyeza vitufe viwili, anaandika jina, na kivinjari kinaruka moja kwa moja hadi lilipo, limepakwa rangi.

“Nilikuwa nauza kurasa sitini,” anasema. “Sasa nauza moja. Wenye maduka wenzangu waliniuliza, umerogwa?”

Mzee Anselmi, mstaafu wa serikali na mteja wa kila wiki, alikuwa akija na kioo cha kukuzia maandishi. Mwishehe alimwonyesha jinsi ya kuyakuza kwenye ukurasa wenyewe, mpaka neno “pensheni” likajaa upana wa meza. Tovuti ya kigeni? Kivinjari kinaigeuza Kiswahili. Ukurasa uliofungwa kwa bahati mbaya? Anaurudisha kabla mteja hajamaliza kusema “Mungu wangu.”

Ila kitu kimoja alikipenda kupita kiasi. Kila kivinjari kilipouliza kama kihifadhi nenosiri, yeye alibonyeza ndiyo.

Kwa watu wa steshenari hiyo ni desturi. Mteja anataka barua pepe, hana. Mwenye duka anamfungulia, anamtungia nenosiri, anaweka namba yake mwenyewe ya simu, na kompyuta inakumbuka yote. Mteja akirudi anasema tu, “Nifungulie ile yangu,” analipa shilingi 500, anasomewa barua zake. Nenosiri lake hajawahi kuliona.

“Nilikuwa na watu 312 humu ndani,” anasema Mwishehe, akiigonga kompyuta kwa kidole. “Nilijiona mkubwa. Nikipita barabarani nasema moyoni, huyu funguo zake ninazo, na yule ninazo. Kumbe mimi ndiye kufuli.”

Ilikuwa Jumatatu, saa saba na nusu mchana. Zena, msichana wa miaka 22 kutoka Janga, aliingia akihema. Alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi baada ya kuomba mara tatu. Alitakiwa athibitishe nafasi yake kabla ya saa kumi kamili jioni, la sivyo apewe mwingine. Kuthibitisha kulihitaji namba iliyotumwa kwenye barua pepe yake, ile aliyofunguliwa hapa. Yeye alikuwa na simu ya kitochi tu mkononi, isiyofungua barua pepe.

Kivinjari kilikuwa kizito siku hiyo. Mwishehe, fundi asiyeulizwa, akasema ngoja nikifanyie usafi kidogo, kiwe chepesi. Akafungua palipoandikwa “Futa data ya kuvinjari.” Pana visanduku vya kuweka tiki: historia, picha zilizohifadhiwa, na kadhalika. Akaviwekea tiki vyote, kama mtu anayejaza fomu asiyoisoma. Akabonyeza.

“Kikawa chepesi kweli,” anasema. “Chepesi kama gunia tupu.”

Manenosiri 312 yalikuwa yamekwenda na takataka.

Alijaribu njia ya kurudisha barua pepe ya Zena kwa simu. Mtandao ukajibu kwamba namba ya siri imetumwa kwenye laini ambayo Mwishehe mwenyewe aliisajili. Laini hiyo iliibwa pamoja na simu yake miezi minane kabla, kituo cha Mbezi, naye alinunua nyingine akasahau kuibadilisha kwenye barua pepe za wateja.

Zena alikaa kwenye benchi akafunika uso kwa mtandio. Hakulia kwa sauti, na Mwishehe anasema hilo ndilo lililomuumiza. Mzee Anselmi, aliyekuwa akisubiri zamu, alitazama saa ya mkononi na kusema, “Kijana, una saa mbili na robo. Usisimame kama nguzo.”

Ndipo alipoikumbuka kompyuta ya Kibuta.

Kompyuta zake mbili zimeunganishwa kupitia kivinjari. Unachohifadhi kwenye moja kinaonekana kwenye nyingine, na unachofuta huku kinafutika kule. Ila kule hakifutiki mpaka kompyuta ile iguse mtandao. Na ile ilikuwa imezimwa tangu Alhamisi, imelala kabatini kwa shangazi, juu ya mfuko wa unga. Ilikuwa bado haijapata habari.

Kulikuwa na tatizo moja. Bi Biubwa hupenda kuitumia mchana, duka likipoa, kusikiliza mawaidha. Mwishehe akampigia simu akiwa ameweka sauti kubwa, wote dukani wakisikia.

“Shangazi! Kompyuta umewasha?”

“Salamu zimekwisha Kibaha?”

“Shikamoo, shangazi. Umewasha?”

“Marahaba. Watoto hawajambo? Mkeo?”

“Hawajambo wote. Shangazi, nakuomba, umewasha?”

“Ndiyo naiwasha sasa hivi. Nimenunua bando langu, nataka kuiunganisha na simu nisikilize.”

Mwishehe anasema alipiga kelele mpaka wauza matunda wa barabara ya Morogoro wakageuka. “Usiunganishe! Zima data! Zima, shangazi, zima!”

“Kuna nini? Imeshika moto?”

“Imeshika zaidi ya moto.”

Data ikazimwa. Kuanzia hapo, mwanamke wa miaka 67 aliyesoma madrasa na kuishia darasa la nne aliongozwa kwa simu hadi mahali kivinjari kinapotunza manenosiri. Namba ya kufungulia kompyuta aliijua. Majina yalikuwa yamepangwa kwa herufi, na kila jina lilikuwa na alama ya jicho pembeni, ukiibonyeza nenosiri linaonekana.

“Shuka mpaka chini kabisa, shangazi. Tafuta Zena.”

“Subiri. Juu hapa naona Anselmi. Nibonyeze jicho?”

“Usibonyeze!”

“Nimeshabonyeza. Imeandikwa... mzee-wa-risiti.”

Hapa inabidi isemwe kwamba Mwishehe ni mtu wa utani. Manenosiri ya wateja aliyatunga kwa kuwatania, akiwa na uhakika hakuna atakayeyasoma duniani wala ahera. Mzee Anselmi, ambaye hudai risiti hata ya kalamu, alivua miwani taratibu.

“Mzee wa nini?” aliuliza.

“Mtandao, mzee, mtandao unakatika,” alijibu Mwishehe.

“Hapa chini pana Biubwa,” iliendelea sauti kutoka Kibuta. “Kumbe na mimi nimo?”

“Shangazi, hiyo iruke. Muda hatuna.”

“Siiruki.” Akabonyeza jicho. “Mwishehe.”

“Naam, shangazi.”

“Shangazi-mdomo-saba?”

Benchi zima lililala kwa kicheko. Hata Zena alishusha mtandio. Margareth, mshona nguo wa jirani aliyeingia kuulizia kelele, alipogundua kinachosomwa alidai lake litajwe na alikataa kuondoka. Mwishehe akamwahidi kitenge. Hadi leo hajalijua, na kitenge hajapata.

Bi Biubwa alishuka jina kwa jina, akisimama kuwauliza habari zao aliowafahamu. Saa nane na dakika hamsini alifika mwisho wa orodha.

“Zena wa Janga. Nimebonyeza. Zena-maswali-mia. Mia kwa tarakimu.”

Mwishehe aliandika. Barua pepe ikafunguka. Namba ya chuo ilikuwa humo. Zena akaisoma kwa sauti mara mbili, akabonyeza “Thibitisha” mwenyewe, kwa kidole chake, na saa tisa na dakika tano ukurasa ukawa wa kijani: nafasi yako imethibitishwa.

Mzee Anselmi alipiga makofi. Simuni kulisikika kigelegele kutoka Kibuta, kutoka kwa mtu ambaye Zena hajawahi kumwona.

Zena alifuta macho, kisha akamgeukia Mwishehe. “Anko, maswali mia nilishakuuliza. Hili la mia na moja. Kama ungekufa jana, mimi leo ningekuwa nani?”

Kesho yake asubuhi Mwishehe alifunga duka, akapanda pikipiki hadi Kibuta na daftari kubwa. Kwa siku mbili, kompyuta ikiwa haijaguswa na mtandao, alinakili manenosiri yote yaliyobaki. Kisha alimtafuta kila mwenye lake, akamkabidhi, akamfundisha kulibadilisha. Daftari alilichoma jikoni kwa shangazi, maharage yakiwa mekoni.

Kuwakabidhi kulimchukua wiki saba. “Wengine walinicheka, wengine walinitukana. Mmoja alinitukana halafu akasema lile jina ni zuri, nimwachie hilo hilo. Nikamwambia hapana, hilo nalijua mimi.”

Sasa kila mteja anafunguliwa dirisha la mgeni, ambalo likifungwa halibakizi kitu. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi, jibu ni hapana. Na kile kishale cha kusasisha kinachotokea pembeni, alichokuwa akikipuuza kwa kuogopa kitamlia bando, sasa anakibonyeza kila kinapojitokeza. Anasema aligundua sehemu ya ule uzito wa siku ile ilikuwa kivinjari kikuukuu tu, hakikuhitaji usafi wowote.

Mapato yaliyumba. Watu waliokuwa wakilipa shilingi 500 kusomewa barua zao walipungua, na kwa miezi miwili alirudi nyumbani na nusu ya alichozoea. Halafu wakaanza kuja na simu zao: nifundishe kuzikuza herufi, nifundishe kutafuta jina, nifundishe hilo dirisha la mgeni. Somo la saa moja ni shilingi 2,000. Wiki iliyopita aliwafundisha watu kumi na tisa, Mzee Anselmi akiwa wa kwanza. Alipewa risiti.

Zena yuko mwaka wa kwanza. Akija likizo hupita dukani, na Mwishehe husema huyo akiingia tu yeye huanza kujibu kabla hajaulizwa.

Mpango wake ni chumba kidogo Kibuta, kando ya duka la shangazi, chenye kompyuta nne zilizotumika na umeme wa jua. Tofali ameshafyatua. Anataka kabla ya msimu ujao wa maombi ya vyuo, kijana wa Kibuta aweze kuomba chuo bila kumpigia magoti mtu yeyote, “hata mimi mwenyewe.”

Alhamisi iliyopita, barazani kwa Bi Biubwa, somo lilikwama. Seifu, mkulima wa mananasi, alikuja kufungua barua pepe kwa ajili ya kikundi chao cha wakulima, na alipoambiwa atunge nenosiri akasukuma kompyuta pembeni.

“Wewe Mwishehe ni mtoto wa hapa,” alisema. “Baba yako tumelima naye. Tunga wewe, kaa nalo wewe. Sisi tunakuamini.”

“Mzee wangu, usiniamini. Mimi nilishafuta watu mia tatu.”

“Ulikosea mara moja. Nani hakosei?”

“Ni lako, mzee. Linakaa kwako.”

“Kwangu litapotea! Nimesema nakuamini, yamekwisha. Mtu ukimwamini, umemwamini.”

Wenzake wawili wa kikundi wakatikisa kichwa kumuunga mkono. Bi Biubwa alikuwa akipima sukari. Hakuinua macho kwenye mizani.

“Sawa, Seifu,” alisema. “Basi mtajie na namba yako ya siri ya kutolea pesa kwenye simu. Sema kwa sauti, mkeo yule pale naye asikie.”