Wasichana wa Mama Haraka

Wachezaji walimwita kocha wao Mama Haraka kwa sababu hakuwa na haraka hata chembe. Katika timu nyingine za kikapu, msichana akisajiliwa leo kesho yuko uwanjani. Kwa kocha huyu, msimu mzima wa kwanza uliishia kwenye kuruka na kutua: panda juu ya kasha la mbao, ruka, tua kwa miguu yote miwili, magoti yakunjike. Mara nyingi aliwapa mgongo, akawasikiliza tu.

"Huyo ametua kama gunia la mkaa," alisema bila kugeuka, na mwenyewe alijijua.

Msimu wa pili aliwaonjesha dakika chache za mechi. Wengine walichoka kusubiri wakahamia kwingine. Aliwatakia heri, kisha jioni akabaki peke yake akipanga makasha.

Nguzo alikuja akiwa binti mrefu wa kuinama mlangoni. Katika msimu wake wa pili, siku moja alifunga vikapu vitatu mfululizo, mashabiki wakasimama. Kocha akamtoa. Ukumbi mzima ukazomea.

"Kwani nimekosa nini, kocha?"

"Hujakosa. Kaa unywe maji."

"Utanizeesha kwenye benchi, Mama Haraka!"

Mechi ilipokwisha, mama yake Nguzo, msusi mwenye saluni yake, alimfuata kocha hadi chumba cha kuchulia misuli.

"Mwalimu, kuna timu inamtaka mwanangu aanze kila mechi. Nambie ukweli. Unamlea, au unamfungia?"

Kocha alimgeukia Nguzo, aliyekuwa amekaa juu ya meza ya kuchulia. "Shusha soksi ya kushoto."

Nguzo alisita, akashusha. Chini ya ile soksi ndefu goti lilikuwa limefungwa bandeji, tena kwa mkono wa mtu asiyejua kufunga, na limevimba.

"Umejuaje?"

"Mguu huo unachelewa kutua. Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungenitoa."

"Mimi nakutoa leo, kesho nakurudisha. Goti likikutoa, halikurudishi."

Msusi aliinama akalitazama lile goti. "Nyinyi watu wa mpira siwaelewi," akasema. "Ila huyu ndiye niliye naye, sina wa akiba. Nakuachia wewe. Ukimharibu, nitakufuata mpaka kwako."

"Ukija uje na kitana, dada, unisuke kabisa."

Wakacheka wote, hata Nguzo aliyekuwa amenuna. Lakini njiani kuelekea nyumbani kocha hakucheka. Aliwahi kuvishwa medali, aliwahi kubebwa juujuu. Hakuna kilichowahi kumwelemea kwa furaha kama lile neno, nakuachia. Alilibeba kama mtu abebavyo yai.

Goti lilipona polepole. Msimu wa tatu Nguzo alicheza nusu ya kila mechi. Wa nne alianza kila mechi, na ukumbi ulimpokea kama bibi harusi.

Kilichobaki kumsumbua kocha ni kimoja. Kutua alikuwa amemfundisha. Kusema linapouma hakujua mtu hufundishwaje, na alishapoteza wasichana wazuri walioumia wakaficha.

Ikaja nusu fainali. Dakika za mwisho, timu zikiwa sare, Nguzo alidaka mpira juu ya vichwa vya watu akatua vibaya kidogo. Hakuna aliyeona. Mpira ulipotoka nje alikuja mwenyewe mpaka kwenye benchi.

"Kocha, nitoe. Linauma."

Akatolewa. Walifungwa kwa kikapu kimoja, na mwenyekiti wa klabu akapita bila salamu.

Mchua misuli alilipapasa goti, akasema limechoka tu, halijachanika. Kocha akachuchumaa, akaliwekea barafu.

"Asante," alisema.

Nguzo akafuta machozi kwa jezi. "Tumefungwa, halafu unanishukuru?"

"Nakushukuru. Tulia, barafu isianguke."