Nishani ya Mdogo Wangu Mezani kwa Mama

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilijifanya msemaji wa mashujaa. Mdogo wangu alikuwa mwanajeshi, akauawa ng'ambo kwenye kazi ya kulinda amani. Tuliambiwa alikuwa ameshatoka salama, akarudi kwenye risasi kumtoa mwenzake aliyejeruhiwa. Jeshi likaamua kumpa nishani kubwa kuliko zote za ushujaa. Basi mimi, ninayekimbia bata mzinga wa jirani, nikawa natembea mtaani kwetu Noonkopir kifua mbele. Kwa kinyozi nilikuwa nakaa hata baada ya kunyolewa, nikiwaeleza watu kwamba nishani hiyo haitolewi ovyo, na wengi wanaoipata hawapo kuivaa. Kuongea kulinisaidia nisilie.

Mama hakuijali nishani. Kilichomla roho ni kimoja: yule mwenzake, alipona? Aliniuliza karibu kila jioni. Nami nilimwambia atulie, mambo hayo jeshi wanajua. Ukweli ni kwamba akili yangu ilikuwa kwa fundi, aliyekuwa akinishonea suti ya rangi ya maziwa.

Siku ya sherehe, afisa alipomnyooshea kisanduku cha nishani, Mama hakukipokea. Alimshika afisa mkono akamuuliza lile lile. Nilitaka ardhi inimeze. Suti yote ile, na wapiga picha wamesimama! Afisa akamjibu polepole kwamba yuko hai, kijana wa huku huku Kajiado, ila bado anatembelea magongo. Hapo Mama akalia kwa mara ya kwanza tangu tuzike. Nikalia na mimi, picha zote zikaharibika.

Kijana alikuja kututembelea kabla ya mvua. Mama alikuwa ameshinda jikoni akipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kijana aliposimama mlangoni alimwambia, "Yeyo," jinsi Wamaasai wanavyomwita mama. Mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikaona sasa ndio wakati wa hotuba. Nikatoa kisanduku kabatini, nikakifungua katikati ya meza, nikaanza kumweleza mtu aliyebebwa mgongoni na mdogo wangu mwenyewe maana ya nishani ile.

Kijana aliinamisha kichwa. Mama akaja na sahani, akatafuta pa kuiweka, akakosa.

"Ondoa hiyo kitu hapo," akaniambia, "mtoto wangu akule."