Mzingo wa Kisima cha Bibi

Ule mlio ninao masikioni mpaka leo: bibi akitwanga mtama jikoni, twa, twa, halafu ardhi inaitika kwa chini, duu, kama pipa tupu. Nilidhani kinu ndicho kibovu. Mimi ni mtu wa kucheka, wala sikujali. Nilikuwa naucheza mdundo wenyewe.

Kiangazi kile kisima cha uani kwetu, Kinyangiri, kilianza kutoa tope. Mjomba, mtoto wa bibi, akateremka kulitoa. Alikaa chini muda mrefu bila kuimba, na yeye huimba hata akiwa anakula. Alipopanda akasema, "Kuta zimebomoka huko. Mdomo mwembamba, tumbo kubwa. Nimezungusha kamba pande zote, mwisho wake ni kwenye fundo hili."

Nikaipima kwa futikamba yangu ya ushonaji. Mita ishirini na mbili.

Shuleni hesabu nilipata F. Ila nashona sketi za mwavuli, na huwezi kuzikata kama hujui duara. Unachukua mzingo wa kiuno, unagawa kwa ishirini na mbili juu ya saba, hapo una kipenyo. Ukikigawa kwa mbili ndiyo nusu kipenyo, na mkasi unapita hapo. Nikaandika mchangani kwa kijiti: kipenyo, mita saba, nusu kipenyo, tatu na nusu.

Sasa nikapima huku juu, toka katikati ya mdomo wa kisima hadi ukuta wa jiko. Mita tatu. Nikarudia. Tatu.

"Mjomba, nusu mita ya jiko haina kitu chini yake. Na mafiga yako ukutani pale pale."

"Wewe wa F!" akacheka. "Leo ndiyo unamhamisha mama yangu jiko?"

Lakini nilimwona anasogea taratibu, mbali na pale aliposimama.

Nikatafuta na eneo. Mita za mraba thelathini na nane na nusu. Nyumba nzima ya bibi haifiki hapo.

Bibi alikuwa kwenye kigoda, anachochea kuni. Nikamweleza yote.

"Mke mwenzangu," akasema, "kisima hiki alichimba babu yako. Hakijawahi kumeza mtu."

"Bado tu, bibi."

"Nyoo! Basi kikinimeza, mje mniteke kwa ndoo."

Akacheka peke yake. Nyuma ya kichwa chake ukuta ulikuwa na ufa ambao Jumapili iliyopita sikuuona.

Asubuhi yake bibi alikwenda msibani kijiji cha pili, mjomba akaenda kukata miti ya uzio. Nikavua kandambili, nikaingia jikoni nakanyaga kama mwizi. Figa la kwanza lilikuwa bado la moto. Nikalifunga kwa kanga, nikalibeba tumboni hadi upande wa pili wa nyumba, penye mwamba. Nikarudi mara mbili. Nikayapanga yote matatu, nikawasha moto, nikabandika maji ya ugali, ili bibi akifika njaa imkalishe huko.