Kilatini cha Mama

Kwa miaka mingi nilikana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha mama yangu Kilatini. Nilisema labda alikisikia redioni.

Ukweli ni kwamba nilikuwa likizo Bumbuli, nimetoka chuo kikuu na elimu inaniwasha. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na mti mkubwa wa mkulo, na chini yake chemchemi iliyonywesha kabichi za mama. Nikamwambia kwamba wataalamu wanauita mti huo Ocotea usambarensis. Neno la pili ni kivumishi: Warumi walichukua jina la mahali, wakabandika -ensis mwishoni, likawa "wa mahali fulani"; hapa, wa milima yetu. Vivumishi vyao hufuata jinsia ya nomino, nazo jinsia ni tatu tu. Miti waliiweka upande wa wanawake.

"Mti ni mwanamke?" mama akauliza.

"Kwa Warumi, ndiyo."

"Ndiyo maana unauzwa bila kuulizwa."

Alikuwa anamsema baba mdogo, aliyenisomesha baada ya baba kufariki. Baba mdogo alikuwa amepata mnunuzi wa mbao za mti huo. Ilikuwa miaka ile biashara imefanywa huria, na malori kutoka Tanga yalipanda mlima kutafuta chochote kinachouzika. Lakini mti wa ukoo hauangushwi kabla ndugu hawajakaa. Mama, mjane aliyezoea kuleta chai kikaoni na kuondoka, safari hii alileta chai akaketi.

"Huyu ni Usambarensis," akasema. "Wazungu wameandika. Ni wa hapa, haondoki."

"Shemeji," baba mdogo akajibu, "na kabichi zako zinazopanda lori kwenda Dar, hazikuzaliwa hapa?"

Wakacheka. Kisha wakanigeukia mimi, msomi: neno hilo lipo? Nikamtazama aliyenilipia ada, nikasema Kilatini sikukisoma. Kikao kikaahirishwa. Nikarudi chuoni, nikamwacha mama peke yake na kivumishi chake.

Siku moja nikaitwa kwenye simu ya ofisi ya bweni. Alikuwa baba mdogo, anapiga kutoka posta ya Lushoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnunuzi nimemrudisha."

"Kwa nini tena?"

"Mama yako amelipeleka lile neno sokoni. Kila nikipita, wanawake wote wananiamkia, 'Shikamoo, Usambarensis!' Na watoto wao nyuma. Mti ubaki, chemchemi ibaki. Ila mwambie awaambie, mimi nina jina langu."