Koti la Mdachi Lililofumuliwa

Juzi mjukuu wangu kaniletea koti la kafa Ulaya, mtumba, kutoka gulio la Mkata. Nikapapasa bitana yake, nikamkumbuka baba. Nikusimulie wewe basi, maana yeye ana haraka zake.

Enzi za Mdachi tulikaa Korogwe. Baba alishona kanzu, na fundi aliyewapendeza wakubwa hakupelekwa kukata mkonge. Siku moja Mdachi mwenye shamba akaleta koti la babu wa babu yake, jekundu, limeliwa na nondo. Akataka jipya la mfano wake, avae sikukuu ya mfalme wao. "Likinipendeza, mkonge hutauona. Likiharibika, utauona."

Fundi wa kwetu hana karatasi ya kukatia. Hufumua nguo kuukuu, akatandika vipande juu ya kitambaa kipya, akakata akivifuata. Basi baba akafumua. Bibi, mama yake, alikuwa akimenya mihogo (na mihogo ya miaka ile ilikuwa mitamu, si hii ya sasa), akamcheka: "We mwanangu, unamnyonyoa kuku wa watu?"

Lo, humo ndani! Marinda ya nyuma yalijazwa singa za farasi, ndiyo maana koti lilitanuka hata likiwa halina mtu. Vifungo vilivikwa kitambaa. Sindano ilirudi nyuma kidogo kila ilipokwenda mbele, mishono midogo kama mayai ya chawa. Baba alikuwa akicheka peke yake kwa furaha.

Mdachi akaja. Vipande vimetandazwa mkekani, baba anatabasamu. "Shikamoo, bwana. Sasa nalijua mpaka matumbo."

Mdachi akapiga magoti, akaanza kuokota nyuzi. Nyuzi, si vitambaa! "Hizi babu yetu alizishona kwa mkono wake," akasema. Kumbe babu huyo naye alikuwa fundi.

"Nitalirudisha, bwana, lile lile."

Mdachi akaita askari. Wakampeleka kukata mkonge.

Mkonge ulimrudisha vidole havikunjiki. Akishika sindano, uzi haupiti. Bibi humwambia, "Pumzika, mwanangu, utashona kesho." Alimwambia hivyo mpaka tukamzika baba.

Mshono ule sijauona tena kwa fundi yeyote, Korogwe wala Handeni. Ninao machoni tu, na macho yenyewe siku hizi hata mlango siuoni vizuri.