Mama Annonciata, mwenye jina la makelele

"Mama, bantu ya hapa banasema asubuhi kulikuwa annonciata ku kisima. Annonciata iko ugomvi ya namna gani?"

Aliyeuliza ni Mukasine, jirani mupya aliyetoka upande wa Masisi na bwana yake. Alikuwa hajamaliza juma moja hapa kwetu Buleusa. Aliyeulizwa alikuwa anachekecha unga wa mihogo mbele ya jiko, na hakuinua kichwa.

"Iko mimi," alijibu.

Mukasine aliangalia huku na huku, kama muntu anayetafuta njia ya kutokea.

"Usiogope, dada. Mimi njo naitwa vile. Ikala nikuelezee, lakini kwanza shika huu ungo."

Mama Annonciata alizaliwa hapa, akaolewa hapa. Mungu alimupa sauti ya kumuita muntu aliye ngambo ya pili ya bonde, naye hajaificha hata siku moja. Ku koro, waimbaji wa kanisa, tunamusimamisha nyuma kabisa, na bado padri anamusikia wa kwanza. Bwana yake, Papa Zéphyrin, ni mutegaji wa nyama. Watu wanasema porini anaenda kupumuzisha masikio, lakini mimi nazani ni mahaba, maana anarudi kila mara.

Neno lenyewe lilianzia ku kijito. Kwetu mihogo mikali inalowekwa ndani ya maji mpaka ilainike. Kila mama anatia yake mu gunia, anaikandamiza na mawe, na anafunga kipande cha kikwembe chake cha zamani ili aijue. Mwaka mumoja, kwa sikukuu ya wamama ya mwezi wa tatu, tulinunua wote kikwembe kimoja, cha bluu na ndege za manjano. Mushonaji aliturudishia vipande vilivyobaki. Ni mama gani atatupa kipande kipya? Basi kila mumoja alienda kimya kimya kubadilisha alama ya gunia yake, akifurahi kwamba yake itajulikana kuliko zote.

Siku ya kuitoa ilifika.

"Acha! Hiyo yangu!"

"Yako namna gani? Uko na macho? Angalia kitambaa!"

"Na kitambaa yangu mimi iko wapi?"

"Iko ku gunia yangu, mwizi weye!"

Mama Annonciata alipanda juu ya jiwe, gunia kifuani, akaitetea mpaka wanaume wakatoka mashambani mbio, wakizani kuna mutoto amezama. Mama Francine ndiye aliyeangalia vizuri. Aliona ndege wa manjano ku kila gunia, akajiangusha ndani ya maji na kucheka. Tulicheka wote. Magunia tukayagawanya vile tu, kwa macho, na jioni kila nyumba ilikula bugali.

Wanaume walirudi mashambani wakisimulia: "Leo tuliona annonciata!" Neno likabaki.

Lakini lisitumiwe ovyo. Ugomvi wa shamba si annonciata. Kutukania muntu wazazi si annonciata. Hiyo iko na majina yake, na hatuichekelee. Annonciata ni ile ambamo wote wanapiga kelele, hakuna aliyekosewa, na baadaye wanakula pamoja. Bwana na bibi wakibishana juu ya chumvi, hiyo ni kaannonciata. Kuna annonciata ya balo, ile ya vijana ku kiwanja cha mupira. Hata radio ikileta wakubwa wa Kinshasa wakikatana maneno, wanaume wanaongeza sauti: "Sikia annonciata!" Hiyo mimi sina hakika nayo, sababu sijui kama baadaye wanakula pamoja.

Yeye mwenyewe alicheka pamoja nasi. Mpaka Gaëlle, muke ya mutoto wake Magloire, alipozaa binti. Kwetu binti wa kwanza anachukua jina la mama ya baba yake. Magloire alikuja kofia mukononi.

"Mama, tulifikiri tumuite Astrid."

"Astrid ni nani?"

"Hapana muntu, mama. Ni jina tu."

"Na bibi yake anaitwa nani?"

"Mama, ku masomo batamucheka! Mwalimu akiita jina, darasa yote itakimbia inje kuangalia fasi banapigania."

Hakupiga kelele. Hapo njo tuliogopa. Alitwanga bila neno, alienda ku kijito bila neno, na ku koro alikuwa anatingisha midomo tu. Kwetu kuzeeka bila mutoto wa jina lako ni sawa na kuitwa siku moja na hakuna mwenye kuitika.

Siku ya Mungu, matangazo yalipoisha, alimuomba Papa Nestor, katekista wetu, neno moja.

"Wandugu, munirudishie jina yangu. Mulilichukua, sikukatala. Sasa niko na mwenye kumupa."

Papa Nestor alisema misa ikiisha tubaki, tutafute neno lingine.

"Tuseme 'gunia'!"

"Gunia? Na mimi mwenye kuuza magunia, nitaita nini ku soko?"

"Basi 'francine', maana ku kijito yeye njo alivuta gunia mbele ya wote!"

"Mimi? Mimi njo nilicheka wa kwanza, sema vizuri!"

"Tuseme 'kijito'!"

"Kijito imekukosea nini?"

Watu walisimama juu ya viti. Papa Nestor alipiga meza: "Wandugu! Tuko ndani ya nyumba ya Mungu! Acheni hiyi anno..." Akafunika kinywa. Kicheko kilichotoka pale, Bwana atusamehe. Mama Francine alikuwa na ndizi mu kitunga, akaanza kugawa, hata kwa yule wa magunia.

Gaëlle alisimama ku kiti cha nyuma, bebe mugongoni. Yeye ni muntu wa Bweremana, na hasemaki sana.

"Mama, kwetu bajomba yangu balikosana juu ya nyavu. Hakuna mwenye alipiga kelele hata kidogo. Mpaka leo habasalimiane. Ninyi munapiga kelele, na sasa munagawana ndizi. Sioni haya ya hiyo jina iko wapi. Mutoto achukue jina ya bibi yake."

Magloire alifungua kinywa. Gaëlle alimuangalia. Alikifunga.

Siku ya ubatizo, maji yalipomugusa, Annonciata mudogo alilia mpaka sauti ya koro ikapotea. Wote tuligeuka kumuangalia bibi yake, naye akaangalia juu kama muntu anayesali.

Nilipomuambia Mama Annonciata kwamba nataka kuandika mambo haya, nilimuuliza kama yuko na la kuwaambia watu. Alimupakata mutoto, akafikiri kidogo.

"Waambie waendelee na neno yao, mimi sikasiriki tena. Lakini mutoto akiwa karibu, waseme tu 'makelele'. Akikomaa, wamuulize yeye mwenyewe kama anakubali."