Robi Achagua Mwalimu wa Kuzamia

Mwaka ule wa Operesheni Vijiji, watu walipohamishiwa vijiji vipya, jiwe la mashine ya kusaga lilizama Mto Mara kabla halijasaga hata punje moja. Mtumbwi ulipinduka, jiwe likaenda chini. Wanawake wa kijiji kipya wakarudi kusaga kwa mkono, na magoti ya Robi, mke wa Mseti, yalishakuwa magumu kama kwato. Akasema atalizamia mwenyewe.

Watu walicheka mpaka ng'ombe wakageuka kutazama. Kuogelea kote alikokujua Robi ni kushika mkia wa maksai na kuvushwa.

Waliojitolea kumfundisha walikuwa wawili. Heche, mwenye mtumbwi ule uliopinduka, alijigamba kwamba aliishi na wavuvi wa ziwani, hulala huko chini na samaki ndio humwamsha. Angemfundisha kwa asubuhi moja. Athuman, fundi cherehani wa Mugumu aliyezaliwa pwani, alitaka mwezi mzima, tena kwanza kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe.

Robi akawauliza wamewahi kumfundisha nani.

"Wewe unachagua mwalimu au fahali?" Heche akamdhihaki.

"Hata fahali sinunui kabla sijaona ndama wake. Wa kwako wako wapi, Heche?"

Heche akasema wanafunzi wake wote walihamishiwa vijiji vya mbali. Athuman akamwita mkewe Mwantumu, aliyemfundisha mwenyewe, mama mnene wa kuchekacheka. Mwantumu akakaza kanga, akazama lamboni, akakaa huko mpaka kina mama wakaanza kulia, na mmoja alishaulizia nani atarithi sufuria zake. Ndipo akaibuka, akauliza kuna nini.

Robi akamchagua Athuman papo hapo.

Athuman alielekeza akiwa ukingoni, Mwantumu akamshika Robi kiuno majini. Siku ya kwanza Robi alifumba macho akatafuta mkia wa kushika, akaivuta kanga ya Mwantumu ikabaki mkononi. Lakini Mwantumu hakumwachia kiuno, siku hiyo wala zilizofuata.

Siku yenyewe ya kuzamia mtoni, mamba walijipanga ukingoni kwa adabu. Robi akashuka na kamba, akalifunga jiwe, akaibuka hai. Maksai wakalivuta, Heche mwenyewe akiwaswaga.

Unga wa kwanza aliupeleka Mugumu kwa miguu. Mwantumu alikataa kuupokea.

"Pokea, dada," Robi akamwambia. "Hata pumzi ninayokushukuru nayo, umenipa wewe."

Binti aliyemzaa baadaye alimwita Mwantumu, jina la pwani, katika boma la Wakurya pekee. Wazee, waliozoea mtoto kurithi jina la marehemu wa ukoo, walipouliza ni la marehemu yupi, Robi aliwajibu kwamba huyu yu hai, anakaa Mugumu, waende wakamsalimie.